Themokapo, ayoni, jicho au sikio: nani akulindie moto wa mwenge wa gesi?

Mwenge wa kuchomea gesi ni kifaa cha usalama kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Vali za kupunguza presha zikifunguka, kompresa ikizimika ghafla, au kiwanda kizima kikipoteza umeme, gesi yote inayotafuta pa kutokea hupelekwa juu ya mnara ikateketee. Suala la mazingira lipo na nitalifikia, lakini anayenunua vyombo vya kuusimamia mwenge aanze na swali moja: utajuaje kwamba kule juu kuna moto?

Usilidharau swali hilo. Kwenye jua la mchana, methani safi huungua kwa ulimi hafifu ambao macho ya mtu aliye chini huukosa, na moto wa gesi yenye haidrojeni nyingi unaweza usionekane kabisa. Pailoti, yaani kile kimoto kidogo kinachowaka saa zote kikisubiri gesi kubwa ifike, ndiyo hata usiizungumzie. Mwaka 2020 uchunguzi wa helikopta katika Bonde la Permian, Marekani, ulikuta kwamba takribani mwenge mmoja katika kila kumi ulikuwa umezimika kabisa au unaungua vibaya. Mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine, wa ndege zilizopima moshi juu ya maeneo ya mafuta na gesi ya Marekani ya Permian, Eagle Ford na Bakken. Ulionyesha kwamba mienge ya maeneo hayo iliteketeza asilimia 91 hivi ya methani, si 98 kama hesabu za serikali na makampuni zilivyozoea kuandika. Pengo la asilimia 7 linaonekana dogo mpaka uligeuze: kinachotoroka kimepanda kutoka 2 hadi 9, zaidi ya mara nne. Na mienge iliyokuwa imezimika tu ilichangia pengo hilo karibu sawa na ile iliyokuwa inaungua vibaya.

Tani moja ya methani ikiungua yote hutoa tani 2.75 za hewa ukaa. Ikitoroka bila kuungua, kwa kipimo cha miaka 100 inalipasha dunia joto sawa na tani 28 hadi 30 za hewa ukaa. Kwa hiyo mwenge uliozimika ni mbaya mara kumi hivi kuliko ule unaolalamikiwa na majirani kwa kuwaka usiku kucha. Gesi ikiwa na salfidi ya haidrojeni, weka hesabu za tabianchi kando kwanza: hiyo ni sumu, ni nzito kuliko hewa, na huwashukia watu walio chini.

Njia zinazotumika kuilinda pailoti ni nne. Wauzaji watakusifia kasi na usahihi wa kila moja. Mimi kipimo changu ni kingine: kifaa kikifa, nani atapanda kukibadilisha? Mnara unaofanya kazi haupandwi. Mwongozo wa API 521 wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, unaotumiwa na wasanifu karibu dunia nzima, unakadiria kwamba penye joto la kilowati 6.3 kwa mita ya mraba mfanyakazi aliyevaa mavazi kamili anaweza kustahimili kama nusu dakika tu. Jua la adhuhuri ni kilowati 1 hivi. Kichwani mwa mwenge, gesi ya dharura inaweza kufika sekunde yoyote bila kubisha hodi. Kwa hiyo kilichokufa juu kinabaki kimekufa mpaka kiwanda kizimwe kwa matengenezo makubwa, na hilo kwa viwanda vingi ni jambo la miaka.

Themokapo

Hii ndiyo mkongwe, na ndiyo utakayoikuta kwenye mienge mingi. Nyaya mbili za metali tofauti zimeungwa ncha, zimefichwa ndani ya ala ya chuma, na ncha imewekwa pale moto wa pailoti unapogusa. Kwa kawaida ni aina ya K. Moto ukiwepo inasoma mamia ya nyuzi, ukizimika usomaji unashuka. Ni rahisi, kila fundi wa vyombo anaijua, vipuri havihitaji kuagizwa kwa mtu mmoja tu duniani, na kanuni za Marekani kuhusu mienge zinaitaja kwa jina, kisha zinaruhusu kifaa kingine chenye uwezo sawa.

Udhaifu wake wa kwanza ni uzito wa chuma. Pailoti ikizimika, kichwa chake kinabaki cha moto, na themokapo inaendelea kusema kuna moto kwa dakika kadhaa. Ukipandisha kiwango cha kengele ili ipige mapema, kila mvua ya masika itakuamsha bure. Ukikishusha, utachelewa. Hakuna namba inayotibu yote mawili, kuna maafikiano tu.

Udhaifu wa pili ni hatari zaidi. Upepo ukiulaza moto mkubwa upande mmoja, unaweza kuipasha themokapo ya pailoti iliyokufa zamani. Chumba cha udhibiti kinaona pailoti tatu hai kumbe mbili ni maiti.

Halafu liko jambo ambalo katalogi hazilisemi kwa sauti. Waya wa themokapo ukikatika, kisoma-ishara hulazimika kuchagua: kionyeshe joto la juu kabisa au la chini kabisa. Vingi hutoka kiwandani vimewekwa vionyeshe joto la juu, kwa sababu kwenye tanuru au boila hiyo ndiyo salama: waya ukikatika, mfumo unadhani kuna joto kali na unapunguza mafuta. Kwenye mwenge ni kinyume. Waya uliokatika unaosoma joto la juu unakwambia moto upo. Kabla hujalinganisha bei za themokapo za kampuni hii na ile, fungua mipangilio ya kisoma-ishara uhakikishe kwamba waya ukikatika kinashuka. Kazi ya dakika chache, haina gharama, na inazidi faida ya kununua ala ya bei ghali.

Kuhusu kupanda, suluhisho lipo: themokapo ya kuvutwa. Bomba jembamba la mwongozo linatoka chini hadi kwenye pailoti, na themokapo yenye kebo ndefu inasukumwa ndani yake. Ikiungua, fundi aliye chini anaivuta na kusukuma mpya bila kuzima kitu. Inagharimu zaidi siku ya kujenga, na kulifunga bomba hilo baadaye kwenye mnara uliokwisha simama ni kazi inayosubiri matengenezo makubwa. Pwani, bomba likiwa la chuma cha kawaida litakula kutu na themokapo itakwama njiani. Sisitiza chuma kisichoshika kutu na kona zisizo kali.

Fimbo ya ayoni

Moto hupitisha umeme. Ukiweka fimbo ndani ya ulimi wa pailoti na kuipa umeme wa kubadilika mwelekeo, moto huupitisha vizuri zaidi upande mmoja, na kinachorudi ni mkondo mdogo mno wa upande mmoja, wa kiwango cha maikroampia. Mkondo huo hautokei bila moto halisi. Chuma cha moto hakiwezi kuuigiza, na waya ukigusana na mwili wa mnara hautoi ishara ile. Kwa maneno mengine, ikiharibika inaelekea kusema “hakuna moto”, na huko ndiko tunakotaka iangukie. Tena inajibu kwa sekunde, si dakika.

Kwa karatasi, hii inaishinda themokapo. Ila maikroampia ni kitu dhaifu. Kauri zinazoikinga fimbo zikishika masizi au chumvi, umeme unavuja kabla haujafika kwenye moto. Kebo ikiwa ndefu sana, ishara inapotea njiani. Na kauri hizo ziko palepale kwenye joto, mahali pasipopandika. Mtu anayejenga bara, pakavu, mnara mfupi, aifikirie. Anayejenga Mtwara, Kilwa au Mombasa, ambako hewa ya bahari inaacha chumvi juu ya kila kitu, mimi nisingempa ushauri huo, hata kama muuzaji ana cheti cha kila aina.

Jicho la chini

Hapa kifaa chote kiko ardhini. Kihisi cha infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho, kinafungwa juu ya nguzo, mbali na mnara, kikielekezwa kwenye kichwa chake kama darubini. Moto una alama yake katika mwanga wa infraredi, na vifaa vizuri huangalia masafa zaidi ya moja pamoja na mchezo wa mwali ili visidanganywe na chuma cha moto. Kikifa, fundi anakwenda na ngazi fupi. Ndiyo maana kwa mnara mkongwe ambao themokapo zake zimekufa na matengenezo makubwa yako mbali, hili ndilo jibu la haraka: halihitaji kugusa mnara.

Lakini lijue linachoona. Linaona moto, haliwezi kukwambia ni pailoti ipi. Moto mkubwa ukiwaka, pailoti zinapotea ndani ya mng’ao wake. Mvua kubwa na ukungu vinapunguza uwezo wake. Wale wenzetu wa Oman wanaofanya kazi kwenye mashamba ya mafuta jangwani wataongeza vumbi kwenye orodha hiyo.

Mahali pa kulifunga pana hila ambayo vitabu vilivyoandikiwa nchi za kaskazini haviwezi kukufundisha. Huku kwetu karibu na ikweta, jua linachomoza na kutua karibu sawasawa mashariki na magharibi, na saa sita linakuwa juu sana. Jicho linalotazama mashariki au magharibi kwa pembe ya nyuzi 30 hivi litapishana na jua nyuma ya mwenge, asubuhi au alasiri. Jicho linalotazama kaskazini au kusini kwa pembe hiyohiyo halikutani nalo: Dar es Salaam, hata mwezi Juni jua linapoegemea kaskazini kuliko wakati wote, saa sita liko nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Mchoro wa muuzaji ukikuja na jicho upande wa barabara kwa sababu tu kebo ni fupi, uurudishe.

Vihisi vya urujuanimno ni ndugu wa jicho hili, lakini moshi na mvuke huvifunga macho, na radi huvidanganya. Kwa mienge midogo iliyofungwa ndani ya silinda, ile ya mitambo ya bayogesi na madampo, vinafanya kazi nzuri, kwa kuwa viko karibu na moto na havitazami anga.

Sikio

Pailoti inapowaka ina mngurumo wake. Bomba linaloshuka kutoka kwenye pailoti hadi chini linausafirisha mngurumo huo, na kihisi kilichofungwa mwisho wa bomba kinausikiliza na kuuchambua. Njia hii inaunganisha mazuri mawili ambayo nyingine zinayagawana: inatambua kila pailoti peke yake, na kifaa kiko chini, kinatengenezwa kiwanda kikiendelea. Inajibu haraka, na moto mkubwa hauikanganyi kirahisi, kwa kuwa inasikiliza kupitia bomba la pailoti husika.

Kasoro zake ni za soko kuliko za ufundi. Wanaoitengeneza ni wachache, kwa hiyo ukiichukua umeoa. Maji yakituama ndani ya bomba, sauti inafifia, na kwenye hali yetu ya unyevu lazima pawe na mahali pa kuyatoa na mtu wa kuyatoa.

Kwa hiyo uchukue ipi?

Kwa kiwanda kipya cha kusafisha gesi pwani, ningechukua themokapo za kuvutwa kwa kila pailoti, zenye nyaya jozi mbili ndani ya ala moja, na jicho moja la infraredi ardhini. Si kwa sababu mbili ni bora kuliko moja, bali kwa sababu zinakufa kwa namna tofauti. Mvua inayolifumba jicho haiivunji themokapo. Chuma cha moto kinachoidanganya themokapo hakilidanganyi jicho. Themokapo mbili za aina moja zilizofungwa sehemu moja zitadanganyika pamoja, na mkaguzi atasoma kwenye karatasi kwamba una ulinzi maradufu.

Kama bajeti inaruhusu na kiwanda kina mkataba mzuri wa huduma na mtengenezaji, sikio badala ya themokapo. Kwa mnara wa zamani, jicho sasa hivi, mengine wakati wa matengenezo makubwa. Kwa bayogesi ya shamba au dampo, kihisi cha urujuanimno kimoja kinatosha, mradi kioo chake kifutwe.

Moto ukipotea, mfumo ufanye nini? Wengi wasio na uzoefu huomba kiwanda kizime chenyewe. Fikiria kidogo: kuzima kiwanda ghafla ndiko kunakopeleka gesi nyingi kabisa kwenye mwenge, wakati huohuo ambapo mwenge hauna moto. Kwanza uwashwe tena, wenyewe, ndani ya sekunde, huku kengele ikipiga.

Kuwasha kwenyewe kuna njia mbili na sitakaa hapa. Ya kale inajaza bomba mchanganyiko wa gesi na hewa, cheche inapigwa chini, na moto unasafiri ndani ya bomba hadi juu. Kila sehemu yenye kuharibika iko chini, lakini inataka mkono uliozoea na bomba lisilo na maji. Ya kisasa inapiga cheche palepale juu, yenyewe, haraka, ila ncha yake inaishi motoni. Chukua zote mbili, tofauti ya gharama ni ndogo ukilinganisha na mnara wenyewe.

Moto upo, je, unaungua vizuri?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kununua kisichohitajika. Moshi mweusi hutokana na haidrokaboni nzito kukosa hewa ya kutosha. Dawa ni kupuliza mvuke au hewa ya feni kichwani mwa mwenge. Mvuke una nguvu na unafaa kwa mienge mikubwa ya viwanda vyenye boila tayari. Feni inafaa visimani, ambako hakuna mvuke, ila inataka umeme, na umeme ukikatika ndipo gesi inapokuja kwa wingi.

Sasa, gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay ni methani kwa zaidi ya asilimia 95. Methani ya namna hiyo haina tabia ya kutoa moshi. Mradi wa gesi kama hiyo ukiletewa zabuni yenye mvuke au feni kubwa, uliza kwa nini. Uganda hali ni nyingine: miradi ya Tilenga na Kingfisher ni ya mafuta ghafi, imesanifiwa bila uchomaji wa kawaida wa kila siku, lakini mwenge wa dharura upo, na gesi inayotoka na mafuta huwa na vitu vizito. Huko swali la moshi lina maana.

Wenye mvuke nao wana dhambi yao. Mwendeshaji anayeogopa kupigiwa simu kuhusu moshi hufungua mvuke kupita kiasi. Moshi unapotea, mwenge unapendeza, na methani inatoroka kwa sababu moto umepozwa. Kamera ya kawaida itasema safi kabisa. Ndiyo maana kanuni za Marekani kwa viwanda vya kusafisha mafuta, tangu marekebisho ya 2015, hazitosheki na kukataza moshi kwa zaidi ya dakika 5 ndani ya saa 2. Zinadai pia kwamba mchanganyiko unaoungua, baada ya kuhesabu mvuke, uwe na nishati isiyopungua kama megajuli 10 kwa mita ya ujazo, wastani wa kila dakika 15. Kulipima hilo unahitaji mita ya mtiririko na kipima nishati au kichambuzi cha gesi. Kati ya mita, ile ya mawimbi ya sauti inashinda bila mashindano makubwa: haina kitu kinachozuia bomba, na inasoma kuanzia mtiririko mdogo wa kila siku hadi mafuriko ya dharura. Bamba lenye tundu halifai kwenye bomba la mwenge, kwa vile linaziba njia ambayo haipaswi kuzibwa.

Kengele nyingi si ulinzi mwingi

Tarehe 24 Julai 1994, katika kiwanda cha kusafisha mafuta huko Milford Haven, Wales, pipa la kutenga vimiminika kwenye mfumo wa mwenge lilijaa. Mafuta yakaingia kwenye bomba la gesi ambalo halikujengwa kuyabeba, bomba lililokuwa limeliwa na kutu likapasuka, na tani 20 hivi za haidrokaboni zikamwagika na kulipuka. Watu 26 walijeruhiwa. Katika dakika kumi na kitu za mwisho, waendeshaji wawili walipigiwa kengele 275.

Pailoti siku ile haikuwa tatizo. Kwa hiyo usimalize bajeti yote kichwani mwa mnara ukasahau chini yake: vipima kina viwili vya aina tofauti kwenye pipa la vimiminika, na kipimo cha gesi ya kusafishia inayozuia hewa isiingie mnarani. Hewa ikiingia na kuchanganyika na gesi ndani ya mnara, pailoti inayowaka vizuri ndiyo itakayolipua. Naitrojeni au gesi yenyewe ya kiwanda zote zinafaa kwa kazi hiyo. Na kengele za mwenge ziwe chache na zenye rangi yake, zisichanganywe na za pampu za maji.

Kuhusu setelaiti, zinasaidia Benki ya Dunia, si mwendeshaji. Kifaa cha VIIRS kilichorushwa 2011 huona joto la mienge usiku, na kwa vipimo vyake dunia ilikadiriwa kuchoma mita za ujazo bilioni 148 mwaka 2023. Lakini mwenge uliozimika hauna joto, kwa hiyo kwenye ramani ile unaonekana kama umepona. Kiwanda kisikubali picha ya setelaiti iwe mbadala wa mita yake, na wadhibiti, iwe PURA au EWURA Tanzania, iwe EPRA Kenya, wana haki ya kuomba kumbukumbu za pailoti dakika kwa dakika.

Vyovyote utakavyochagua, jaribio la kupokea kazi ni moja. Kabla ya gesi ya kiwanda kuingia, funga gesi ya pailoti moja baada ya nyingine, saa mkononi, na uandike kila kengele ilichukua muda gani kupiga na moto ulirudi baada ya muda gani. Kisha chomoa waya wa kila kihisi uone kama chumba cha udhibiti kinaambiwa moto haupo. Rudia wakati wa mvua ikiwezekana. Muuzaji akisema jaribio hilo halimo kwenye mkataba wake, liingize kabla ya kusaini malipo ya mwisho.